Stendi ya kuchaji kishikwambi bila waya: ikigoma, anza na mbao

Tangu vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022 vigawiwe kwa walimu, tundu la chaji lililolegea limekuwa ugonjwa wa kawaida huku kwetu Nyanda za Juu Kusini. Waya unachomekwa na kuchomolewa kila siku, mara gizani, mara na mtoto, na kile kiulimi cha ndani ya tundu kinachoka. Ndiyo maana wapo wanaojitengenezea stendi ya mbao yenye koili ya chaji, yaani waya wa shaba uliosokotwa duara, ndani yake. Kipokezi, yaani koili ya pili iliyo bapa, ya kubandika mgongoni mwa kishikwambi, kinachomekwa kwenye tundu mara moja na kubaki humo, kisha kishikwambi kinaegeshwa tu kwenye stendi, kinachaji huku mwenyewe anaandaa somo.

Ni kazi nzuri na haihitaji pesa nyingi. Lakini ikigoma, watu hukimbilia kulaumu bodi ya umeme, kile kibao cha saketi kinachoiendesha koili ya stendi. Wananunua nyingine, nayo inagoma vilevile. Kwa niliyoyaona mezani, stendi nyingi zinazogoma zina bodi nzima kabisa. Kosa liko kwenye useremala: ubao mnene, koili iliyokaa pembeni, msumari uliopita pasipotakiwa. Kwa hiyo nitakwenda na dalili moja baada ya nyingine, ila karibu kila mahali nitakuomba uitazame mbao kabla ya kushika solda.

Umeme unapitia wapi

Umeme unatoka ukutani, unaingia kichwa cha chaja, unapita kwenye waya wa USB hadi bodi ya kutuma. Bodi inaipa koili mkondo unaogeuka zaidi ya mara laki moja kwa sekunde, na koili inatoa uwanja wa sumaku. Uwanja huo unavuka mbao na kava, unaikuta koili ya kipokezi, na hapo unakuwa umeme tena, volti 5, unaoingia kwenye kishikwambi kwa tundu lilelile la siku zote.

Bodi nyingi za madukani zinafuata Qi, kiwango kinachosimamiwa na Wireless Power Consortium, umoja wa makampuni ulioanzishwa mwaka 2008. Jambo kubwa la kujua kuhusu Qi ni kwamba pande mbili zinazungumza. Kipokezi kina chipu inayojitambulisha, kisha inaiambia bodi iongeze au ipunguze nguvu. Bodi isiposikia jibu inanyamaza, inajaribu tena baada ya muda mfupi, inanyamaza tena. Hivyo koili ya shaba uliyosokota mwenyewe bila chipu haitachaji chochote kwenye bodi ya Qi, hata ukiisokota vizuri namna gani. Na zile koili zinazouzwa mbilimbili kwa majaribio, ambazo hazizungumzi, zinafanya kazi na mwenzake tu. Ukichukua moja ya hizo ukaiweka mbele ya kipokezi cha Qi, unapoteza siku.

Jambo lingine: vishikwambi vingi havina kipokezi ndani. Nexus 7 ya mwaka 2013 ilikuwa nacho, lakini hiyo ni moja kati ya chache. iPad hazina, na nyingi za Android hazina. Kama hujanunua kipokezi cha kubandika nyuma, hakuna tatizo la kutafuta. Kuna kifaa cha kununua.

Vifaa vya kupimia ni vitatu, na vyote ni vya bei ndogo. Cha kwanza ni kipima-USB, kile kidude kinachokaa kati ya kichwa cha chaja na waya kikionyesha volti na ampea. Cha pili ni mita ya kawaida ya fundi. Cha tatu ni simu yoyote ya rafiki yenye chaji bila waya ndani yake. Hiyo simu ndiyo itakayokwambia haraka kuliko vyote kama ubovu uko upande wa stendi au upande wa kishikwambi.

Taa ya stendi haiwaki kabisa

Chomoa waya kwenye stendi, uchomeke kwenye simu ya kawaida. Simu isipochaji, tatizo liko kichwani, kwenye waya au kwenye soketi, na stendi yako haina kosa.

Simu ikichaji na stendi bado imelala, uliza swali moja: je, waya una ncha ya Taipu-C pande zote mbili? Bodi nyingi za bei nafuu zina tundu la Taipu-C lakini zimekosa vizuizi viwili vidogo vya kiloomu 5.1 vinavyokiambia kichwa cha chaja kwamba kuna kifaa kinachohitaji umeme. Kichwa chenye tundu la C hakitoi volti hata moja kabla ya kuviona vizuizi hivyo. Tumia kichwa cha zamani chenye tundu pana la USB na waya wa kutoka USB pana kwenda C, na mara nyingi taa inawaka papo hapo. Kwa watu wanaojinunulia vichwa vipya vya chaji ya haraka, hiki ndicho chanzo ninachokitafuta kwanza.

Ikibaki imelala, weka mita kwenye nukta mbili za kuingizia umeme kwenye bodi. Volti 5 zikiwepo na taa haiwaki, bodi imeungua. Zisipokuwepo, tafuta solda iliyopasuka penye tundu, hasa kama bodi imeshikwa na gundi kidogo na waya umekuwa ukivutwa.

Neno kuhusu umeme mdogo. Jioni taa zinapofifia, watu husema umeme ndio unaoizima stendi. Soma maandishi madogo kwenye kichwa cha chaja. Kikiandikwa 100–240V kinavumilia kushuka kwa umeme wa 230 kwa kiasi kikubwa, na kitaendelea kutoa volti 5 zake. Tafuta sababu nyingine.

Taa inawaka, kishikwambi kimya

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa nitakaa zaidi.

Weka simu ya rafiki yenye Qi kwenye stendi, uisogeze polepole juu, chini, kushoto, kulia. Ikichaji vizuri mahali fulani, bodi ni nzima na ubao si mnene kupita kiasi. Nenda moja kwa moja kwenye kipokezi. Isipochaji popote, mara nyingi shida ni mbao.

Koili za kawaida za Qi zinataka umbali wa milimita chache. Mimi najiwekea mpaka wa milimita 5, na humo naihesabu mbao, gundi, kava na unene wa kipokezi chenyewe. Sasa ubao wa inchi moja una milimita 25. Mtu anauchimba kwa nyuma kwa patasi, anaona shimo limekuwa refu, anaridhika, kumbe zimebaki milimita 8. Kava ya mpira inaongeza 2. Jumla 10, na sumaku haifiki.

Usikadirie unene uliobaki kwa jicho. Ingia chumba chenye giza, weka tochi ya simu ndani ya shimo, utazame upande wa mbele. Paini iliyobaki milimita 2 au 3 inapitisha mwanga hafifu wa rangi ya machungwa, na unaona hata mistari ya ubao. Penye giza ndipo penye unene, endelea kukwangua hapo. Nikiwa na uhuru wa kuchagua, sichimbi kabisa: nakata dirisha lililopita moja kwa moja, kisha naliziba kwa mbele na plaiwudi ya milimita 3 au kipande cha plastiki kigumu kilichokatwa kwenye kifuniko cha ndoo. Unene unajulikana tangu mwanzo, na seremala hatoboi upande wa pili kwa bahati mbaya.

Simu ikichaji na kishikwambi bado kimya, angalia mkao wa koili mbili. Simu ina koili katikati ya mgongo. Kishikwambi chenye kipokezi cha kubandika hakiko hivyo: utepe wa kipokezi ni mfupi, kwa hiyo koili inakaa karibu na tundu la chaji, si katikati. Mtu anayenakili vipimo vya stendi ya simu anaweka koili ya kutuma juu sana. Koili zikipishana kwa sentimita moja, mara nyingi hakuna mazungumzo kabisa.

Chukua karatasi nyeupe, laza kishikwambi juu yake kwa mgongo, chora ukingo wake wote kwa penseli. Pima kwa rula kutoka ukingo wa chini hadi kitovu cha koili ya kipokezi, na kutoka ukingo wa pembeni pia. Hamishia alama hiyo kwenye karatasi. Kisha bandika karatasi kwenye uso wa stendi, ukingo wa chini ukae pale kishikwambi kitakapoegemea, na alama ndiyo kitovu cha koili ya kutuma. Kumbuka kwamba ukikigeuza kishikwambi kukitazama kwa nyuma, kushoto kunakuwa kulia. Shika koili kwa tepu kwanza, jaribu, sogeza, jaribu tena. Gundi ni ya mwisho.

Kuna uamuzi unaotakiwa kufanywa kabla ya hayo yote: kishikwambi kitasimama au kitalala? Kama tundu la chaji liko upande mfupi na unataka kukitumia kikiwa kimelala ili kutazama video, koili itakuwa pembeni ya stendi, si katikati. Kama kitasimama, tundu liko chini, na uzito wote unakalia ncha ya kipokezi. Kata pengo la upana wa vidole viwili kwenye kile kizingiti cha chini ili ncha na utepe vining'inie bila kuguswa. Stendi isiyo na pengo hilo inaua kile kitu ulichoijengea ikilinde.

Kisha kipokezi chenyewe. Kina uso wenye koili na uso wenye karatasi nyeusi ya feraiti, na feraiti lazima ielekee kishikwambi. Kwa kishikwambi chenye mgongo wa aluminiamu hili si jambo la hiari: feraiti ndiyo inayozuia sumaku isiingie kwenye chuma, na ukikigeuza kipokezi, chuma kinameza nguvu yote. Kikikaa sawa, hata mgongo wa aluminiamu hausumbui, kwa sababu kipokezi kiko nje yake. Kwa matundu ya zamani ya mikro-USB, vipokezi vinauzwa kwa aina mbili, A na B, kutegemea upande mpana wa tundu unatazama wapi. Aina isiyo yako inakulazimisha kuukunja utepe mara mbili, na utepe uliokunjwa hivyo hukatika ndani bila kuonekana nje.

La mwisho kwenye dalili hii ni kava. Kava za kufunga kama kitabu zina vibati na sumaku ndani ya ngozi. Kivue kishikwambi nguo zote, ujaribu tena.

Kinachaji, kinaacha, kinachaji tena

Shika saa. Muda ndio unaokuambia chanzo.

Kikiacha baada ya sekunde chache na kurudia, umeme unaoingia ni mdogo. Kipokezi cha kawaida kinatoa kama volti 5 na ampea 0.8, yaani wati 4. Hewani na kwenye mbao nguvu inapotea, na stendi ya nyumbani ikifikisha asilimia 65 imefanya vizuri. Hiyo ina maana bodi inavuta zaidi ya wati 6, yaani karibu ampea 1.2. Kichwa kilichoandikwa 1A hakiwezi. Kinashuka, bodi inazimika, mzigo unaondoka, volti zinapanda, bodi inaamka, mzunguko unaanza upya. Weka kichwa cha 2A au zaidi.

Ukiwa na kichwa kizuri na bado kinakata, pima volti kwenye bodi yenyewe wakati inachaji, si kwenye kichwa. Waya mwembamba mrefu wenye ukinzani wa omu 0.4 tu unapoteza karibu nusu volti kwa ampea 1.2. Kichwani ni 5, kwenye bodi ni 4.5. Nyaya nyembamba za chaji ndogo zinafaa kuchaji vitochi. Tafuta waya mfupi na mnene. Ukiona chini ya 4.75 wakati wa kazi, umeshapata chanzo.

Kikiacha baada ya dakika kumi au ishirini, ni joto; soma sehemu inayofuata. Kikiacha mtu anapogusa skrini au lori linapopita barabarani, kishikwambi kinateleza. Vanishi inapendeza lakini ni telezi. Kata vipande viwili vya tyubu ya baiskeli, bandika kwenye kizingiti cha chini, na mchezo unaisha.

Kikifika asilimia 100 kikaacha na kuanza tena mara mojamoja, hakuna ubovu. Kinajazia tu kilichopungua.

Kinapata moto

Vuguvugu ni kawaida. Nguvu ile inayopotea njiani inakuwa joto, na haina pa kwenda ila mgongoni. Lakini kama huwezi kuacha kiganja pale kwa sekunde kumi bila kuona karaha, chomoa.

Mwalimu mmoja wa kutoka upande wa Tukuyu alinikuta Mwanjelwa, Mbeya, na stendi iliyotengenezwa vizuri sana, paini safi, pembe zimekaa sawasawa.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Hiki kitu kinachaji vizuri, ila usiku kikanukia. Nikadhani jikoni kuna kitu kimeachwa motoni."

"Harufu ya plastiki, mwalimu, au ya mbao?"

"Ya mbao mbichi. Kama unapita msitu wa Sao Hill wakati wanapasua mbao."

Tukafungua nyuma. Fremu ilikuwa imepigiliwa misumari, na mmoja ulikuwa umepita kwa mshazari hadi karibu sana na ukingo wa koili. Kuuzunguka, utomvu ulikuwa umeyeyuka, umetiririka kidogo, umeganda tena kwa rangi ya asali. Koili haikuwa na doa. Tulichomoa msumari, tukaweka gundi ya mbao na kuibana usiku mzima. Harufu haikurudi.

Sumaku inayobadilika haraka inazungusha mkondo ndani ya chuma chochote kilicho karibu, na mkondo huo unakipasha moto. Bodi nzuri za Qi zinajaribu kutambua chuma kigeni na kukata, lakini msumari ulio nje kidogo ya koili zinaweza zisiuone. Kwa hiyo weka eneo la vidole vinne kuzunguka koili bila msumari, skrubu, pini ya stepla wala bawaba. Tumia gundi. Plaiwudi iliyookotwa kwenye makreti ichunguze kwa sumaku ndogo kabla ya kuikata, kwa maana pini za stepla huvunjika na kubaki ndani. Na usiweke sarafu au funguo kwenye stendi tupu.

Kama hakuna chuma na bado joto ni kali, rudi kwenye mkao wa koili. Koili zilizopishana kidogo zinachaji, lakini bodi inasukuma nguvu nyingi kufidia, na ziada yote ni joto. Sogeza kishikwambi milimita chache huku unatazama kipima-USB: mahali ampea zinaposhuka wakati kinaendelea kuchaji ndipo kitovu kilipo. Pia toboa matundu ya hewa upande wa nyuma. Stendi iliyofungwa kama sanduku inajitunzia joto lake.

Betri za lithiamu hazipendi kuchajiwa zikiwa zimevuka nyuzi 45. Ujumbe wa kwamba chaji imesimamishwa kwa sababu ya joto ukijitokeza, usiupuuze kwa kupepea na gazeti.

Asilimia hazipandi

Mara nyingi hakuna kilichoharibika, ni hesabu tu. Betri ya 7,000 mAh yenye volti 3.8 inabeba karibu wati-saa 27. Ukiingiza wati 4, hata bila kupoteza chochote ni karibu saa 7, na kwa uhalisia ni 8. Hiyo ni chaji ya usiku kucha. Ukiwasha skrini kubwa kwa mwanga mwingi na intaneti, kishikwambi kinakula wati 3 hadi 5 peke yake, yaani kile kile kinachoingia. Asilimia zikisimama pale pale huku unatumia, stendi inafanya kazi yake vizuri.

Ukitaka kuongeza, punguza mwanga wa skrini kwanza. Kununua bodi ya wati 15 hakusaidii kama kipokezi ni cha wati 5, kwa sababu kipokezi ndicho kinachoagiza kiasi. Nasema hili kwa mkazo maana watu wanatumia pesa nyingi hapo bure.

Skrini inajibonyeza yenyewe, au stendi inalia

Skrini ikirukaruka na kuandika herufi ambazo hujagusa, badilisha kichwa cha chaja. Vichwa visivyo na ubora vinavujisha mtetemo wa umeme unaoichanganya skrini ya kugusa.

Mlio mwembamba kama wa mbu unatoka kwenye koili inayotetemeka. Hauna hatari. Gundi kidogo kwenye ukingo wa koili unaupunguza.

Asubuhi za Juni na Julai

Wa Makete, Njombe na vijiji vya kuzunguka Kitulo, ambako ardhi inafika mita 2,600 na umande unaganda, wanaijua dalili hii: usiku kilichaji, alfajiri kimegoma. Betri ya lithiamu haitakiwi kuchajiwa chini ya nyuzi 0, kwa sababu lithiamu inaganda juu ya uso wa ncha hasi ya betri badala ya kuingia ndani, na uharibifu huo haurudi nyuma. Vishikwambi vingi vinajizuia vyenyewe vikikaribia hapo, na vikiwa baridi tu bila kuganda vinachaji polepole. Kama kilisahaulika kwenye gari au dirishani, kiache ndani ya nyumba hadi kipoteze ubaridi, kisha kiweke kwenye stendi. Usikipashe karibu na jiko la mkaa. Kitu baridi kikiingia ghafla kwenye jiko lenye mvuke kinatoa jasho hadi ndani ya tundu, na unyevu penye volti 5 unakula shaba za tundu na za kipokezi zikabadilika rangi kuwa kijani.

Stendi kwenye sola

Hapa bodi huungua kweli. Betri ya sola ni ya volti 12, na ikiwa inajazwa jua likiwa kali inafika zaidi ya 14. Bodi ya volti 5 ikiunganishwa moja kwa moja inakufa kabla hujavuta pumzi. Njia rahisi na ya uhakika ni chaja ya gari, ile ya kuchomeka kwenye kiwashia sigara: imeundwa kupokea volti 12 hadi 14 na kutoa 5. Iunge nyaya zake kwa uangalifu, chanya kwenye kile kincha cha mbele, hasi kwenye mabawa ya pembeni, na uweke fyuzi. Pia ni bora kuliko kupitia inveta, ambayo inapandisha hadi 230 ili kichwa cha chaja kishushe tena hadi 5, na kila hatua inakula betri.

Msimu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, radi zikianza chomoa kichwa ukutani. Chaji bila waya haikukingi na radi. Kilichokosa waya ni kipande cha mwisho tu.

Ilifanya kazi, sasa imeacha bila sababu

Pima kama ubao umepinda. Mbao za paini zinazouzwa zikiwa bado na maji zinakauka ndani ya nyumba na kujikunja, na uso uliokuwa bapa unaachana na koili kwa milimita 2 au 3. Weka rula kwenye uso wa stendi, utazame mwanga ukipita chini yake. Dawa ni kutumia ubao uliokaushwa vizuri, au plaiwudi, au kuirandia nyuma na kubandika koili upya.

Kama mbao iko sawa, chomoa kipokezi, uchomeke waya wa kawaida kwenye tundu. Kishikwambi kikichaji kwa waya, kipokezi kimekufa. Kitupe, nunua kingine. Kisipochaji kwa waya pia, tundu lenyewe ndilo limekufa, na hakuna stendi itakayolifufua, kwa sababu kipokezi kinapita tundu hilo hilo. Fundi anaweza kulibadilisha tundu, au kuchomelea kipokezi ndani kwenye njia ya volti 5 ya tundu. Asikichomelee kwenye betri moja kwa moja, kwani hapo hakuna kitu cha kusimamia chaji. Kishikwambi cha kazini usikifungue wala usimpe mtu akifungue. Kipeleke kwa waliokukabidhi.

Na kabla ya lolote kati ya hayo, laza kishikwambi kwenye kioo au meza iliyonyooka, skrini ikitazama juu, ubonyeze pembe moja. Kikitikisika kama kina tumbo, au skrini imeanza kuachia pembeni, betri imevimba. Kizime, usikichaji kwa waya wala bila waya, usikitoboe, kiweke nje juu ya mchanga mbali na mbao, kisha kimpelekee fundi abadilishe betri, au kama ni cha kazini, kipeleke kwa waliokukabidhi.